Mashua ya futi 24 kwenda mbali: pesa ya kwanza iingie tumboni

Mashua inayotoka Tanga alfajiri na kurudi alasiri husamehewa mengi. Ikivuja, watu wanafua maji. Kamba ikikatika, inafungwa fundo. Usukani ukilegea, wanarudi polepole, na fundi yupo pale pale ufukoni. Ipeleke mashua hiyo hiyo Mafia au Kilwa, uone kama kasoro hizo bado ni ndogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni ni kama maili za bahari 70. Kwa mwendo wa noti 4, yaani maili 4 za bahari kwa saa, ni zaidi ya saa 17, yaani usiku mzima majini, na huenda ukafika mlangoni pa bandari giza bado halijatoka.

Hapa tunazungumzia mashua ya mbao ya kawaida ya pwani yetu: futi 24, upana mita 2 na kidogo, mlingoti mmoja, tanga la pembe tatu kwenye foromali (boriti inayobeba tanga), na mashine ndogo ya nyuma ya kusaidia upepo ukikata. Wenye vyombo wengi wakitaka kwenda mbali huanza na sola, kwa sababu sola inaonekana na inapigwa picha. Kwa maoni yangu mpangilio wa pesa ni tumbo la chombo, usukani, nanga, tanga, na umeme mwisho. Taa nzuri juu ya chombo kinachoingiza maji inamulika maji tu.

Siku ya kuipandisha

Wakati mzuri wa kazi ni mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Kusi imelegea, vuli haijashika, na ukimaliza unaikuta kaskazi inaanza, nayo ndiyo itakayokusukuma kwenda Mafia na Kilwa. Mvua za masika zina ubaya wake: mbao hazikauki, rangi haishiki, na fundi anashinda chini ya turubai akisubiri.

Huku kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, lina saa zake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hupwa mnamo saa 4 asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Hiyo ni bahati kwa fundi, maana muda wa kupwa unaangukia asubuhi na mwanga upo. Lakini ndani yake kuna mtego: bamvua za Septemba na Machi huwa kubwa kuliko za miezi mingine. Ukiipandisha mashua kwenye kilele cha bamvua kubwa la mwisho wa Septemba, bamvua linalofuata wiki mbili baadaye linaweza lisiifikie, ukabaki mchangani mwezi mzima mbao zikikauka. Soma jedwali la maji kabla. Chagua siku ambayo maji ya kujaa ni pungufu, kwa sentimita 30 angalau, ya yale utakayoshushia.

Tia gadi, yaani nguzo za kuegemeza chombo, pande zote mbili, nne kila upande, na chini ya kila gadi weka kipande cha ubao isizame mchangani. Mkuku, uti wa chini wa chombo, ukae juu ya magogo matatu. Ukikaa juu ya mawili tu, la omo (mbele) na la tezi (nyuma), uzito wa katikati unaupinda, na maungio ya katikati yanafunguka kabla hata hujagusa patasi. Kisha toa farumi yote, ule uzito wa kutuliza chombo. Chombo chenye mawe tumboni hakikaguliki.

Kugonga, kuchoma na kusikiliza

Siku ya kwanza kwangua magamba na majani yote, osha kwa maji baridi, halafu shika nyundo ndogo. Gonga kila ubao, kila baada ya kiganja kimoja, kuanzia mkuku kwenda juu. Mbao nzima inalia kavu na kurudisha nyundo. Mbao iliyoliwa inatoa sauti bubu, kama unagonga boga. Mdudu wa mbao wa baharini huingia akiwa mdogo, kwa tundu lisilozidi ncha ya sindano, kisha hunenepa humo humo ndani akifuata urefu wa mti. Nje unaona ubao mzuri uliopakwa rangi, ndani ni bomba tupu. Mahali panaposikika pabaya, choma kwa bisibisi nyembamba. Ikiingia zaidi ya milimita 5 bila kubishana nawe, ubao huo hauendi Mafia.

Sehemu za kutazama mara mbili ni sehemu ya chini ya mkuku inayoburuzwa mchangani kila siku, maana rangi haikai hapo, na miguu ya mataruma (mbavu za chombo), ambako maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini tumboni, hayakauki. Uozo wa mataruma mara nyingi hutokana na maji ya mvua kuliko maji ya bahari. Chumvi huzuia kuvu kidogo, maji ya mvua huilisha. Ndiyo maana mashua iliyoachwa wazi msimu wa masika huoza juu kabla ya chini.

Kama umekuta mdudu lakini mbao bado ina nguvu, kuna dawa mbili za wazee, zote zinafanya kazi. Moja ni kupiga moto: mwenge wa makuti makavu unapitishwa chini ya tumbo haraka haraka, ubao upate joto kali bila kuungua. Nyingine ni kuilaza mashua kwenye maji baridi ya mto kwa wiki kadhaa, kwa sababu mdudu huyu anaishi kwa chumvi. Mwenye chombo wa karibu na Pangani au Rufiji hana haja ya kutafuta dawa ya dukani.

Misumari inajieleza yenyewe. Doa jeusi kuzunguka kichwa, au mchirizi wa kutu kama machozi, maana yake msumari umeanza kwisha ndani. Ng'oa mmoja wa mfano. Ukitoka umekonda katikati kama kiuno cha nyigu, jua na wenzake wa safu ile wako hivyo. Usipige msumari mpya kwenye tundu la zamani, mti pale umeshakuwa laini. Sogea sentimita 3, toboa kwanza kwa tundu jembamba kuliko msumari, zungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa, piga, kisha kunja ncha ndani juu ya taruma. Tundu la zamani lizibe kwa kijiti cha mti kilichochovywa mafuta.

Tumia msumari wa chuma uliopakwa zinki kwa kuchovywa, tena usichanganye na aina nyingine. Watu hununua skrubu za shaba ya njano kwa kuwa hazishiki kutu. Zikikaa chini ya maji ya chumvi, zinki iliyomo ndani yake hutoka, inabaki shaba ya waridi inayokatika kama chaki. Hata chuma kisichoshika kutu kina udhaifu wake: kikibanwa ndani ya mbao iliyolowa, pasipo hewa, kinaliwa kwa vishimo usivyoviona.

Kalafati

Hapa ndipo safari inapokaa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Toa kalafati ya zamani, yaani pamba iliyoziba maungio ya mbao, kwa kulabu ya chuma, polepole, bila kupanua maungio. Kilichotoka kitazame. Pamba nyeusi inayonuka imekufa. Pamba ya kijivu iliyoshikana bado inaweza kuachwa. Usitoe urefu wote wa mashua kwa siku moja. Fanya ubao mmoja, uzibe, uende mwingine, kwa sababu ni kalafati pamoja na misumari ndiyo inayozifanya mbao zisiteleze juu ya nyingine.

Sokota pamba iwe unene wa penseli, iloweke kwenye sifa (mafuta ya papa) au mafuta ya nazi, ikamue isidondoke. Iingize kwa patasi butu na nyundo ya mbao, ukikunja vipindo vidogo vidogo badala ya kuinyoosha. Maungio ya milimita 3 yanatosha uzi mmoja. Yakipita milimita 5, weka mbili, moja juu ya nyingine. Sauti ya nyundo ndiyo kipimo: mwanzoni inasikika laini, halafu inageuka kuwa ya mlio mkavu. Ikigeuka, acha. Ukiendelea kupiga, pamba inatokea upande wa pili, na hapo umetengeneza tundu. Acha nafasi ya milimita 3 juu ya pamba kwa ajili ya kuzibia.

Kosa linaloua mashua nyingi ni kukalafati mbao zilizokauka kupita kiasi. Ubao uliokaa juani wiki tatu umesinyaa, maungio yamefunguka, na fundi anajaza pamba nyingi kwa nguvu. Chombo kikishuka, mbao zinavimba na hazina pa kwenda. Zinasukuma mataruma, zinang'oa misumari, au zinapasuka kwenye ncha. Kwa hiyo jenga kibanda cha makuti juu ya mashua siku ile ile ya kupandisha, na kila jioni tandaza magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari kwenye mbao ambazo hazifanyiwi kazi.

Juu ya pamba, kilicho bora bado ni deheni ya chokaa na shahamu, ikandwe hadi ishike ukutani bila kuteleza. Ni laini, inafuata mbao ikivimba na ikisinyaa, na inapatikana hata Kilwa Kivinje. Ukitaka ya dukani, tumia gundi ya maungio inayobaki kama mpira. Usitumie ile ngumu ya kuchanganya vikopo viwili. Inashika ubao kwa nguvu kuliko ubao unavyojishika wenyewe, mbao zikicheza inapasuka pembeni, na maji yanaingia kwenye ufa usioonekana.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiivishe mashua kuukuu koti la fibaglasi. Ushauri huu unatolewa kila ufuko, na unavutia, maana siku ya kwanza haivuji kabisa. Lakini mbao za zamani zina maji na chumvi ndani, na kila moja inacheza kivyake. Ndani ya miaka michache fibaglasi inaachia, maji yanakaa kati yake na mbao, na ubao unaoza gizani ukiwa umefunikwa vizuri. Fibaglasi inafaa chombo kilichojengwa nayo tangu mwanzo.

Rangi ya chini ya maji yenye shaba inalipa kwa safari ndefu, maana chombo chenye majani kinapoteza noti nzima ya mwendo. Kadiria eneo hivi: urefu wa majini zidisha na jumla ya upana na kina cha tumbo, kisha chukua robo tatu. Mita 6.5 kwa 2.9 ni karibu 19, robo tatu yake ni mita za mraba 14. Mikono miwili ni 28. Lita moja hupaka mita 8 hadi 10, kwa hiyo nunua lita 3 na nusu. Rangi za zamani zenye bati zilipigwa marufuku duniani tangu 2008, basi mtu akikuletea kopo kuukuu akisema ndiyo kali, mwachie. Na usipake rangi ya shaba moja kwa moja juu ya chuma cha usukani. Itakila.

Maji yakiingia, yatoke wapi

Mashua ya safari ndefu inahitaji ngama safi kuliko pampu kubwa. Chini ya kila taruma kuna tundu la kupitisha maji kwenda mahali pa kufulia. Pitisha kamba nyembamba kwenye matundu yote, kutoka omo hadi tezi, uiache humo. Yakiziba, unaivuta huku na huku mara tatu, basi. Farumi ya mchanga uliomwagwa tu tumboni ndiyo inayoziba matundu haya na kukwamisha pampu. Tumia mawe kwenye magunia, au mchanga ndani ya mifuko miwili miwili ya kilo 25, na ifunge isihame. Farumi iliyohama upande wa demani, kule upepo unakoelekea, wakati wa dhoruba haikupi nafasi ya kuomba radhi.

Fanya hesabu kidogo ujue unachopambana nacho. Tundu la milimita 25, nusu mita chini ya maji, linaingiza kama lita 55 kwa dakika. Ndoo ya lita 8 ikifuliwa mara kumi kwa dakika inatoa 80, lakini hakuna mtu anayeweza kasi hiyo kwa saa nzima. Pampu ndogo ya mkono haifikii hapo. Kwa hiyo kuziba kunatangulia kufua. Beba vigingi sita vya mti laini vilivyochongwa kwa ncha, vya unene tofauti, na bamba mbili za bati laini za sentimita 20 kwa 30, kila moja na kipande cha gunia kilichopakwa grisi pamoja na misumari mifupi imeshachomekwa pembeni. Fungu hili lote likae kwenye mfuko mmoja unaofikika gizani. Pampu moja ya mkono, ndoo mbili na upo mmoja (kata ya kufulia maji) vinatosha.

Kwa omo, sitaha ndogo ya plaiwudi ya baharini ya milimita 12, yenye urefu wa mita 1.5 na ukingo wa sentimita 10 nyuma yake, inabadilisha chombo kabisa. Wimbi linalopanda omo linarudi baharini badala ya kuingia tumboni, na chini yake unapata mahali pakavu pa unga, betri na nguo.

Usukani

Usukani haupasuki ghafla, unaanza kwa kugonga. Shika bapa lake kwa mikono miwili, litikise. Ikiwa ndoano zina mchezo unaozidi milimita 4, kila wimbi la nyuma litakuwa linazigonga kama nyundo usiku kucha. Badilisha pini, au vika bomba la plastiki gumu ndani ya pete. Pini ya juu iwe na kizuizi, maana mashua ikigusa mwamba usukani hunyanyuka na kuchomoka.

Toboa tundu la milimita 14 karibu na ncha ya nyuma ya bapa, juu ya mstari wa maji. Kana, yaani mpini wa usukani, ikivunjika, unapitisha kamba hapo, ncha moja kila upande, unaongoza kwa kamba hizo, ndiyo mjiari. Kana ya akiba ibebwe hata hivyo. Na kasia refu la mita 3, lenye kishimo chake tayari kwenye tezi, ndilo usukani wako wa mwisho.

Nanga na hesabu ya maji

Mtu ametia nanga saa 4 asubuhi, siku ya bamvua, kina mita 3. Akatoa kamba mita 15, mara tano ya kina, akaona amefuata kanuni. Saa 10 alasiri kina kimekuwa mita 7, na omo yake iko mita 1 juu ya maji, jumla 8. Kamba yake sasa haifiki hata mara mbili, inavuta nanga kwenda juu badala ya pembeni, na chombo kinaanza kutembea. Hesabu ifanywe kwa maji ya kujaa: 8 mara 5 ni mita 40. Kisha geuza upande wa pili, uhakikishe maji yakipwa chombo kinachozunguka kwa mita 40 hakikalii mwamba.

Nanga ya mikono minne inashika vizuri kwenye mawe na matumbawe, lakini mchangani inalima tu. Beba na ya mabapa, kilo 10 hadi 12. Mnyororo wa milimita 8, mita 8, kisha amari (kamba ya nanga) ya nailoni ya milimita 14, mita 60. Mnyororo kazi yake ni mbili: kulaza mvuto chini, na kugusa matumbawe ambayo yangekata kamba kwa usiku mmoja. Nailoni inanyumbulika, inameza mshtuko wa wimbi. Kamba ya bluu ya wavuvi inayoelea ni rahisi kwa bei, lakini jua linaila, hainyumbuliki vya kutosha, na inaelea juu ikingoja propela ya mtu. Pale amari inapopita kwenye omo, ivike kipande cha mpira wa bomba la maji kilichopasuliwa.

Mlingoti, kamba, tanga

Ufa unaofuata urefu wa mlingoti ni wa kawaida, ujaze mafuta uendelee. Ufa unaokata mti, hata mfupi, ni mlingoti mpya. Ng'oa mlingoti uutazame mguu wake ndani ya mstamu (kitako kinachoushika), pale maji ya mvua yanapokusanyika. Toboa tundu dogo pembeni mwa mstamu maji yatoke.

Henza na jarari, kamba za kupandishia foromali, ziwe za polista, ambayo hainyumbuki sana. Nailoni hapa ni kosa: foromali itashuka kidogo kidogo usiku kucha. Kagua kapi na gofia zinakopita kamba hizo. Gurudumu lililokwama huigeuza kamba kuwa msumeno. Kila baada ya miezi sita geuza jarari ncha kwa ncha, ili pale panaposuguliwa pahame.

Tanga huanza kufa kwenye nyuzi, kitambaa kikiwa bado kizima. Kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukikatika, shona upya maungio yote, mistari mitatu, kwa uzi wa polista. Weka viraka vya kitambaa kizito pale tanga linapolalia mlingoti. Turubai la plastiki linasukuma siku za mwanzo, kisha linalegea katikati kama machela, na mashua haiwezi tena kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo.

Jambo la maana zaidi hapa ni tanga la pili. Upepo ukipanda kutoka noti 15 hadi 21, msukumo kwenye tanga lile lile unakaribia mara mbili. Kwa hiyo tanga la mita za mraba 28 linahitaji ndugu wa mita 14 au 15. Kulikunja lile kubwa hakutoshi, maana foromali ya mita 9 inabaki juu na uzito wake wote, ikiyumba. Tanga dogo liwe na foromali yake fupi, ya mita 6 hivi, ifungwe ubavuni tayari, na kubadilisha kufanywe kabla ya magharibi, siyo baada. Kumbuka mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, hata upungue wakati wa kaskazi. Anayekwenda Kilwa na kaskazi ana upepo mgongoni na mkondo usoni, na vikikutana mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama. Mwendo mkali hapo unazamisha omo.

Umeme, maji na mashine, kwa ufupi

Taa ya mlingoti ya wati 2 kwa saa 12 ni wati-saa 24. Simu mbili 30, redio ya mkononi 10, taa ya ndani 12. Jumla 76. Betri ya volti 12, ampea-saa 20, ukitumia nusu yake inakupa 120. Paneli ya wati 50 katika jua la saa tano inaleta kama 175 ukitoa hasara. Zaidi ya hapo ni mzigo. Fyuzi ya ampea 10 ikae ndani ya kiganja kimoja kutoka kwenye ncha chanya ya betri, na waya uwe ule uliopakwa bati, maana shaba tupu hunyonya chumvi na kugeuka nyeusi ndani ya plastiki yake. Simu, spika na visu vikae mbali na dira, mita moja angalau.

Chombo cha tanga kisichofika mita 20 kinaruhusiwa taa moja ya rangi tatu (nyekundu, kijani na nyeupe) juu ya mlingoti. Ukiwasha mashine, hiyo haitoshi. Lazima kuwe na nyeupe ya mbele, juu ya nyekundu na kijani. Redio ya VHF iwe chaneli 16, betri yake imejaa, ndani ya mfuko usioingia maji. Makoti ya kuokolea yawe idadi ya watu, na cheti cha ukaguzi, TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli) kwa Bara na mamlaka ya Zanzibar kwa visiwani, kiwe ndani ya mfuko huo huo.

Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Watu watatu, siku tano, 60, ongeza theluthi, 80. Yaani madumu manne ya lita 20, yaliyofungwa pande mbili. Usiweke kwenye pipa moja. Likipasuka au likiingia chumvi, yameisha yote.

Mashine ya mipigo miwili inayotaka mchanganyiko wa 50 kwa 1 inachukua mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Pima kwa chupa yenye alama, acha kukisia kwa jicho. Beba impela ya pampu ya maji, plagi mbili, pini ya propela na kamba ya kuwashia. Kijimkojo cha maji nyuma, kinachoonyesha mashine inapozwa, kikikonda, zima kwanza, uliza baadaye.

Baada ya kushuka

Mashua iliyotoka juu itavuja, hata kazi ikiwa safi. Ifunge kwenye maji ya utulivu siku tatu, bila farumi, ukiandika ndoo unazofua kila asubuhi. Siku ya kwanza huenda ikawa ndoo ishirini, ya pili sita, ya tatu mbili. Idadi ikikwama badala ya kushuka, kuna mahali pamesahaulika. Mara nyingi ni ncha ya ubao inapoingia kwenye omo au tezi, pale nyundo ya kalafati haikufika vizuri. Paka unga wa chaki ndani kwenye maungio makavu, ukae na tochi. Maji yatachora mstari wake mwenyewe.

Kisha pakia kila kitu kama unakwenda kweli, madumu yakiwa yamejaa, na ubishe upepo saa sita mfululizo, upande mmoja saa tatu, upande wa pili saa tatu. Kubisha ndiko kunakoisokota mashua. Hesabu ndoo tena. Zikizidi mbili kwa saa sita hizo, irudishe kwenye gadi bamvua lijalo, ukaanze kugonga kutoka mkuku.